Aliyeota Meno ya Juu

Numbi binti yangu, mama yangu,

Umetoka na kaka yako Kalenga kwenda Katuba kuaga rafiki zako, na mimi nimebaki hapa na cherehani, sufuria ya majani ya sombe na karatasi hizi nilizomtuma baba yako akazinunue kantini. Ameniuliza, "Unaandikia nani barua, shi batoto bako bote beko hapa?" Nimemwambia aende kulala, ana zamu. Amekwenda, lakini amenitazama sana.

Nakuandikia Kiswahili kile masista walichotufundisha kwenye fwaye, ile shule ya kushona ya wake wa wafanyakazi, kwa sababu mkono wangu haukujifunza kingine cha kuandika. Ila watu watakaosema ndani ya barua hii nitawaacha waseme jinsi walivyosema. Sista angechora mistari myekundu kila mahali, bahati yangu hayupo.

Sitaandika juu ya blanketi, wala samaki wakavu, wala kulalia sanduku lako kwenye treni. Wezi wa Ilebo, pale mnaposhuka treni kupanda meli, baba yako ameshakueleza, na kesho atakueleza tena kituoni, na kwenye meli utakuwa bado unamsikia. Msikilize kama ndiyo mara ya kwanza. Anakupenda na hana njia nyingine ya kulisema.

Nataka kuandika juu ya mikono yako.

Jumapili baada ya misa Mwadi, mke wa kaka yako, alikunyooshea mtoto. Alikuwa na sufuria ya moto mkononi, alitaka umpokee kidogo tu. Ukaweka mikono nyuma. Mwadi akacheka, akadhani ni mchezo wa shangazi: "Tantine gani ule, anaogopa mavi ya mutoto!" Wewe ukasema una mafua. Mafua gani, Numbi? Nilikufuata bombani jioni nikakuuliza, na ukanijibu ukiendelea kujaza ndoo: "Mama, mi najua kile niko. Kule Kinshasa nitasoma damu, ndani ya bichupa. Batoto ya bantu sitabagusa."

Hukulia, hukukasirika. Ulisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake, na hilo ndilo lililoniumiza. Miaka yote hii nilijua kuna kitu kinakutafuna. Sikujua kwamba umeshakikubali. Mtoto wangu amechaguliwa kusomea udaktari, mtaa mzima umecheza, baba yako amevaa suti yake ya abakosti siku ya kazi, na yule anayechezewa anapanga jinsi ya kuishi bila kugusa mtoto wa mtu. Hapana. Nimekataa. Ndiyo maana sombe inaungua na mimi naandika.

Hadithi yako umeisikia kwa wengi. Umeisikia kwa bibi yako Kambo, kwa majirani, kwa wale watoto wakorofi wa darasa la kwanza. Kwangu hujawahi kuisikia. Nilinyamaza nikidhani kunyamaza ni kukukinga, kumbe nilikuwa nimeacha kiti wazi, na kila aliyepita alikaa akasimulia anavyotaka. Basi sikia ya kwangu, hata kama nimechelewa.

Nilikuwa nakuogesha uani kwenye karai. Ulikuwa umelialia kwa siku kadhaa, mate yanatiririka mpaka kifuani, nikajua ni jino. Nikanawa, nikaingiza kidole. Nikapapasa chini, laini. Nikapapasa juu, na jino likanigusa. Nitakuambia ukweli wote: nilitoa kidole haraka kana kwamba umening'ata. Halafu ukacheka. Ulicheka mdomo wazi, na kale kajino kakaonekana pale juu, na mimi mama yako badala ya kucheka nawe niligeuka kutazama ukutani kama jirani ameona. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolifanya kuhusu jino lako. Nalijutia mpaka leo.

Unajua kinachosemwa, lakini nitakiandika ili mara moja kiandikwe na mtu anayekupenda. Wanasema mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego, amezaliwa na mkosi ndani yake, na jino lake la utoto likianguka mtu wa nyumba ile anafuata. Zamani hakulelewa. Kambo, mama yake baba yako, alikuwa na neno lake la kijijini la kumwita mtoto kama huyo. Neno hilo sitaliandika.

Sijui nani alimpelekea habari. Alifika kwa treni kutoka kaskazini na kuku wawili na kikombe kimoja, kile cha bati cha buluu. Kabla hajanywa maji alipigilia msumari nje ya jikoni, akakitundika. "Hii njo ya mutoto," akasema. "Bengine basikunywe mule." Baba yako alikuwa ametoka kwenye tanuru, macho mekundu, akasema ni kikombe tu. Na mimi nikasema ni kikombe tu. Unanijua mdomo wangu, naweza kugombana na muuza makaa mpaka ajute kuzaliwa, lakini siku ile nilikuwa mpole kama maji ya mtungi. Ulipokua ukakijua kuwa ni chako, ukakipenda hata. Nilikuwa nakiosha peke yake, baada ya vyombo vingine.

Nawe unajua Kambo hakuwa mtu mbaya. Alikubeba mgongoni mpaka soko, alikusuka, alikupa kipande cha nyama kilichokuwa chake. Hakukupiga hata siku moja. Ila hakuacha kukuogopa, na kwa hilo hakuwa akijificha. Mtu mzima anaweza kufanya yote mawili, nimeona kwa macho yangu ndani ya nyumba hii.

Halafu kikaja kifo cha baba kidogo Kyungu, mdogo wake baba yako, yule aliyekufundisha kupiga mluzi. Hapa nataka usome polepole. Homa ilimshika Kyungu wakati meno yako yote yalikuwa yamekaa imara mdomoni. Najua, kwa sababu tulikuwa tunakwenda pamoja kumwona hospitali, na wewe ulikuwa unambandulia machungwa kwa meno, ganda mpaka ganda, naye anakucheka: "Uyu mutoto ni mashini!" Alikaa kitandani siku nyingi akipungua. Jino lilikuja kutikisika baadaye sana. Likaanguka asubuhi moja ndani ya bukari, ule ugali wako, tukacheka, na mchana wakaja kutuambia kwamba Kyungu ametutoka.

Kambo alisimulia hivi, matanga yote: "Jino ikaanguka, muntu akakufwa." Basi. Homa haikuwamo. Machungwa hayakuwamo. Alianzia mahali palipomfaa, na watu waliokuja kulia wakaondoka na hadithi ile hadi makwao. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani hapo hapo. Ningeweza kusema, "Mama, mbona unaanza katikati?" Sikusema.

Na wewe ukaja mbio kutoka uani kunionyesha tena pengo lako, maana hukujua watu wanasema nini. Nikakutazama. Ilikuwa ni muda wa kumeza mate tu, halafu nikakuvuta nikakukumbatia. Lakini uliona. Niliona kwamba umeona, uso wako ukafunga. Baada ya hapo sikuwahi tena kuona jino lako limeanguka, mapengo yanatokea tu, na kila nikiuliza unasema umelipoteza ukicheza. Wiki hii ndipo Kalenga ameniambia. Ulikuwa unayameza. Ulimwambia yeye peke yake, gizani, mkiwa wadogo: ukiyameza hayaanguki, na yasipoanguka hafi mtu.

Oh, Numbi. Mtoto mdogo amelala na hesabu kama hiyo tumboni, na mimi chumba cha pili nashona gauni za watu. Nimelia sana juu ya meno hayo. Na kwa sababu hakufa mtu tena, ulidhani umetuokoa. Mama, hakufa mtu kwa sababu hapakuwa na mtu mgonjwa. Hukutuua, na hukutuokoa. Ulikuwa mtoto anayeng'oka meno.

Sasa nikukumbushe kile kitabu. Ulikuwa tayari shule ya sekondari ya masista, na ulikuwa unaazima vile vitabu vyao vya zamani vya kutisha, vya nchi za baridi, vya majumba yenye ngazi nyingi na upepo. Sijui masista walikuwa wanaviweka vya nini. Kimoja hakikuwa na jalada, mchwa wamekula pembeni, hata jina lake hatukulijua. Ulikuwa unakaa kwenye kisanduku karibu na cherehani, unasoma Kifaransa kwa midomo tu, halafu unanipa kwa Kiswahili chetu. Mimi nilikuwa nashona kile kitambaa cha chama kwa ajili ya akina mama wa kucheza uwanjani, nahangaika kupima ili uso wa Mkubwa, rais wetu, usije ukaangukia matakoni. Kwa kosa hilo fundi anaitwa ofisi ya chama. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili pamoja, ya kitambaa na ya kitabu.

Unakumbuka: mchimba makaburi anasikia mtoto analia ndani ya kaburi la bibi mmoja tajiri aliyezikwa akiwa mjamzito. Anafukua, anamkuta hai. Anamchukua, lakini anamwogopa, anamweka juu kabisa ya mnara wa kanisa na kufunga mlango. Mchimba makaburi anamsimulia padri, padri anamwandikia dada yake barua, na sisi tunasoma barua. Kila barua inasema yule mtoto ni wa kaburi, ndivyo alivyozaliwa, hakuna malezi yatakayomgeuza. Wewe ulikuwa unatetemeka. Mimi nilikuwa nabishana.

"Uyu padri," nikakuuliza, "alipanda ngazi?"

"Apana, Mama."

"Basi anajua aje mutoto iko mubaya?"

"Muchimba kaburi njo alimuambia."

"Na muchimba kaburi anakaaka na mutoto? Anakula naye?"

"Apana. Anamupatia chakula na upawa murefu, kwa katundu ya mulango."

"Na ule dada ya padri?"

"Ule anasoma tu barua."

"Aa!" nikasema. "Kitabu nzima, hakuna muntu amefungua mulango!" Ukacheka mpaka kitabu kikaanguka. Nilikuwa najiona mwenye akili sana siku ile.

Halafu ukafika kwenye zile kurasa za katikati, chache, ambapo yule wa mnarani anasema mwenyewe. Sauti yako ilishuka. Alisema kwamba alipokuwa mdogo alidhani ule upawa ndio mkono wa baba yake. Alidhani mikono ya watu ni mirefu, ni ya chuma, baridi, haina vidole. Alipotazama mikono yake mwenyewe, yenye vidole na joto, alijua kwamba yeye ndiye mwenye kasoro, na akaanza kuificha.

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Wewe ulinyanyua macho, ukatazama kupitia mlangoni, kile kikombe cha buluu kwenye msumari. Nami nikakitazama. Ukafungua ukurasa mwingine ukaendelea, na tuliyoyasoma baadaye, ile arusi aliyoshukia watu wakakimbia wakakanyagana, ule mnara waliouchoma moto, sikuyasikia vizuri. Nilikuwa bado kwenye upawa. Yule mtu alichomwa kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa na watu walioishia chini ya ngazi, na mimi niliyekuwa nawacheka, nilikuwa nimeweka kikombe msumarini kwangu.

Kesho yake nilikishusha, nikakitia mafuta ya cherehani. Kambo akaona. Wakati ule alikuwa amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta, lakini macho yake yalikuwa mazima. Akanifuata uani. Nilijua anakuja kugomba, na nilikuwa nimejipanga, nina maneno ya miaka mingi tayari mdomoni, makali, ya kumaliza.

"Unashusha kikombe?"

"Nashusha, Mama. Mutoto anasikia kiu sawa bengine."

Akaketi juu ya kile kigogo cha kukatia kuni. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mi nilikuwa na kaka mudogo. Alitosha meno ya yulu. Mi njo nilikuwa namubeba, kila siku, huku mugongo. Bakubwa bakaya bakaniambia, ule haiko muntu, ni kintu. Fungua kikwembe. Nikafungua. Bakaenda naye ku mayi." Alikuwa anashika pindo la nguo yake pale kiunoni, pale mama anapofunga kikwembe cha kubebea mtoto. "Sasa wewe unaniambia mutoto wa meno ya yulu iko muntu sawa bengine. Basi mi nilifungua kikwembe juu ya nini?"

Yale maneno yangu makali nikayameza yote. Nilikuwa nimemchukia yule mama kimya kimya tangu alipopigilia msumari, na siku ile niliona msichana mdogo amesimama na kitambaa kitupu mgongoni. Angekubali kwamba wewe ni mtoto tu, angekuwa ameua mtoto tu. Alihitaji uwe wa kutisha. Ndiyo hadithi iliyokuwa inamwezesha kulala.

Sikukueleza wakati ule kwa sababu nilikuwa bado namwonea hasira kwa ajili yako na huruma kwa ajili yake, na sikujua nianze na lipi. Hakukirudisha kikombe. Lakini pia hakunywa kamwe mahali uliponywa, mpaka alipotuacha. Sitakudanganya kwamba alibadilika. Na ulipomfunga kanga ya mwisho na kumnyoosha vidole, ukiwa msichana wa shule, bila mtu kukutuma, nilisimama mlangoni nikafikiri: kama Kambo angeiona mikono hii ingekuwaje.

Mimi nilidhani kushusha kikombe kumemaliza mambo. Fundi mzima, sikujua kwamba nguo ikishavaliwa miaka inachukua umbo. Nyumba ina vikombe tele na mpaka leo unakunywa bombani kwa kiganja. Wageni wanadhani ni mtindo wako. Mimi najua ni nini.

Usidhani nakuambia binadamu anakuja mtupu, sisi ndio tunamjaza kila kitu. Hapana. Kuna vitu ulikuja navyo. Ukaidi ni wangu, na mimi niliupata kwa mama yangu, alikuwa balaa. Kicheko kile cha puani ni cha baba yako, nakisikia hata ukiwa mtaa wa pili. Mkono wa kushoto hakuna aliyekufundisha: masista waliupiga rula, ukajificha, ukarudi. Na jino nalo lilikuja lenyewe lilipotaka, sikulialika. Lakini kuweka mikono nyuma mtoto anaponyooshwa, hukuzaliwa na hilo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanyang'anya watoto wa watu mikononi mwa mama zao ili uwabebe. Kuficha mikono tulikushonea sisi, kidogo kidogo: Kambo alikata, baba yako alinyamaza, na mimi nilishona kwa lile jicho nililokutupia matangani.

Siku moja ulimng'ata mtoto wa jirani, wote wakasema ndiyo hayo meno. Hata mimi nilisema. Hakuna aliyemuuliza yule mtoto alikuwa amekuitaje. Nami sijui mpaka leo wapi unaishia wewe na wapi tunaanza sisi. Labda hata wewe hutajua, na udaktari wote. Nimechoka kutafuta mpaka huo. Ninachojua ni kwamba kufumua nako ni kazi yangu. Kunachukua muda kuliko kushona, na vitundu vya sindano vinabaki vinaonekana. Bado nguo inavaliwa.

Kinshasa watakuwa na hadithi yao juu yetu watu wa Katanga kabla hujatua sanduku, na wewe unakwenda na ya kwetu juu yao, usijifanye. Mchekeane, mtazoeana. Sina hofu hapo. Ninachofikiria ni siku utakapokuwa na koti jeupe, na mama fulani ataingia na mtoto aliyefunikwa mdomo kwa kitambaa, na nyuma yake bibi ambaye hakubali kukaa. Wengine wataona upuuzi wa watu wa vijijini, watacheka. Wewe utajua kwa nini mdomo umefunikwa. Utajua pia kwamba huenda yule bibi ana kikwembe kilichofunguliwa. Katika jengo lile zima huenda ukawa peke yako uliyewahi kukaa juu ya mnara. Na unataka kwenda kujificha kwenye vichupa!

Sasa ndiyo nafika kwenye lile lililonikalisha hapa.

Jana nilimwogesha mtoto wa Mwadi, huyu Kyungu mdogo aliyebeba jina la marehemu. Umeona anavyotoa mate wiki hii. Nilimweka kwenye karai lile lile, halijatupwa, unajua baba yako hatupi kitu. Nikanawa, nikaingiza kidole. Nikapapasa chini, laini.

Ndiyo, mama. Ni la juu.

Safari hii sikutoa kidole. Nilikiacha mle, akakitafuna, akanitazama na yale macho yake ya utundu, na nikacheka. Nilicheka naye mpaka machozi yakanitoka, Mwadi akauliza kutoka ndani kuna nini. Nikamwambia, "Mutoto wako anapenda mayi." Sijamwambia yeye, wala Kalenga, wala baba yako. Sifichi. Siku chache tu na kila mtu ataliona. Mwadi ataogopa, kwa sababu naye alilelewa na watu. Kalenga atanyamaza kama baba yake. Na majirani, usiniambie.

Lakini leo hii, hadithi ya Kyungu haijaanza. Bado hakuna mtu aliyeisimulia. Nimewaza niwaambie mimi, nina mdomo wa kutosha, na nikaona hapana. Mimi nilikuwa chini ya ngazi.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, kwa hiyo utaisoma ukivaa, kabla hujatoka chumbani. Mwadi na Kalenga watakuja mapema kwa chai, ndipo twende kituoni wote. Mwadi atakuwa na mtoto, na mkoba, na ule mkate aliosema ataleta. Atatafuta mtu wa kumpokea. Mimi nitakuwa na birika mkononi, baba yako atakuwa anafunga sanduku lako kwa mara ya kumi na kamba ambayo haihitajiki.

Nawa mikono, mama. Umpokee. Umpakate, umwache azoee harufu yako, halafu umwingize kidole mdomoni umpapase juu, taratibu, fizi zinamuuma. Kisha utugeukie sisi sote tulioko mezani utuambie umekuta nini, na kitu hicho ni nini. Uanzie unapotaka. Nitanyamaza mimi wa maneno mengi, na atakayekukatiza atanitambua.

Ukimaliza kaa karibu yangu. Nitakuwa nimemimina chai kikombe kimoja, kile changu chenye mpini uliovunjika. Wewe utakunywa kwanza, mimi nitamalizia.

Mama yako